Nyekundu ya Vernon

Vernon Hesselbrock anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Aprili, baada ya miaka arobaini na tatu kwenye benchi lile lile la kazi, la nyuma, karibu na dirisha lisilofunguka. Bibi Janine, mwenye karakana, ameniomba mimi, Darlene, niandike hotuba ya kumuaga, kwa kuwa nimekaa benchi la pili miaka kumi na tisa nikiosha vioo na kupaka rangi. Nilimwambia shule yangu iliishia darasa la tisa. Akasema andika tu, wewe ndiye unayemjua. Kumjua namjua. Amenichosha.

Alikuja hapa ana miaka ishirini na miwili. Mashine za pipi tunazozifufua zimekaa ghalani miaka sitini, tufe la kioo juu, mguu wa chuma chini, kufuli limeshikana kwa kutu na ufunguo umezikwa na mwenyewe. Vifaa vya kuzifungua haviuzwi dukani. Vernon alijitengenezea. Ana spana ya meno mawili ambayo zamani ilikuwa uma wa kuchomea nyama, ana bisibisi aliyoikunja kama kiwiko. Vyote ni thelathini na kimoja. Kioo hakijawahi kupasuka mikononi mwake, na jambo hilo ametukumbusha karibu kila wiki.

Ili visichanganyike, aliviringisha utepe wa rangi kwenye mipini. Nyekundu ya kifuniko, kijani ya nati ya katikati, na kuendelea. Kisha akakataza mtu yeyote kuvigusa, isipokuwa kumpa akiomba.

"Darlene, nyekundu."

Nampa nyekundu.

"Si hiyo. Nyekundu, mama, nyekundu. Macho umeyaacha nyumbani?"

Siku nyingine nampa nyekundu, anaipokea bila neno. Miaka kumi na tisa hivyo. Nilikwenda kupimwa macho mara mbili. Daktari akasema mazima. Nikajua basi tatizo ni kichwa changu, nikaendelea kumpa.

Mwezi wa Februari Bibi Janine alitaka niachiwe benchi la Vernon. Vernon akaandika maelezo kwenye kipande cha boksi, akakiegemeza ukutani, akaenda kunywa kahawa. Boksi lilisema kijani hushika nati. Nikachukua kijani, nikaanza kulegeza nati. Ikateleza, chuma kirefu cha katikati kikazunguka, na tufe la kioo la mashine ya mwaka 1931 likapasuka. Vioo vile havipatikani tena. Bibi Janine hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema tu kwamba kama mwisho wa Aprili benchi halina mtu, mashine atazipeleka zikatengenezwe mjini Columbus. Bila kufungua mashine hakuna kioo cha kuosha, na bila kazi hii hakuna bima ya matibabu ya binti yangu Tessa, mwenye pumu. Wiki hiyo sikula vizuri.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunajaribu mashine kwa pipi za zamani. Nikamwomba Vernon atoe zile za kijani, zilikuwa zimelainika. Akaketi anachambua kwa makini, akajaza bakuli.

"Vernon, hizo ni nyekundu."

"Zipi?"

"Nusu ya bakuli."

Akalitazama bakuli, kisha ukuta wenye vifaa vyake. Utepe aliununua wa rangi mchanganyiko, usioandikwa majina. Yeye huvijua vifaa kwa uzito, mkono tu. Rangi ilikuwa kwa ajili yetu; kwake nyekundu na kijani ni kitu kimoja.

"Kwa hiyo miaka yote ulikuwa unanipa sahihi?"

"Mara nyingi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mzee. Ukaniambia nikapimwe macho."

Msamaha hakuomba. Alibandua utepe wote, akachukua tupa, akaanza kuchonga mikato kwenye mipini: mmoja kwa kifuniko, miwili kwa nati, mitatu kwa pale senti inapoingia. Ilimchukua wiki tatu na manung'uniko yasiyo na idadi. Akachonga hadi mkasi wangu, ambao haufungui chochote. Kisha akanisimamia kila asubuhi. "Usitazame, mwanamke, shika mpini. Unaogopa nini, hauumi." Nilikuwa naogopa, na yeye kunifokea hakukusaidia.

Nami sasa nina wasiwasi mpya, anavyoendesha gari. Ameniambia kwenye taa za barabarani hutazama ipi inawaka, ya juu au ya chini. Silali vizuri nikikumbuka hilo.

Mashine iliyo pale mbele mezani ililetwa Jumatatu, imefungwa tangu kabla sijazaliwa. Niliifungua jana. Nilifumba macho, nikapapasa mikato miwili, nikalegeza nati. Vernon alisimama nyuma yangu mikono mfukoni. Hakunifokea, na kwa Vernon hizo ni sifa. Kioo ni kizima, mnakiona. Bibi Janine amekiona pia, na benchi linabaki hapa.

Vernon, asante kwa vifaa na kwa mikono iliyovitengeneza. Sisi wa karakana tunakuombea siku ndefu na tulivu. Kula mboga. Taa ya juu ikiwaka, simama. Mashine tumeijaza pipi za kila rangi. Zungusha, chukua itakayotoka, iite jina unalotaka. Leo hakuna atakayekusahihisha.