Wakili Telesphor Kasonso na Mtambo wa Asali wa Kashaulili

Marehemu Telesphor Kasonso alizaliwa Usevya, Mpimbwe, tarehe 5 Januari 1931, mtoto wa pili wa Mzee Damiano na Mama Marsela, wakulima wa mpunga. Tutamwelezea kama alivyokuwa, maana sifa za uongo alizichukia hata misibani.

Alisoma shule ya misheni Karema, kisha Tabora, akawa mwalimu. Tarehe 14 Julai 1956 alifunga ndoa na Pelagia. Mwaka 1961, akiwa tayari baba wa watoto wawili, aliingia darasani tena Dar es Salaam kusomea sheria. Pelagia husema hakuwahi kumwona mumewe akisoma hata gazeti bila kalamu mkononi.

Alichagua kazi ya wachache: rufani za hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ili wengine wasiige kitu chake bila ruhusa.

Mwaka 1972 kampuni moja ilimshtaki Nkwabi, fundi chuma wa Kashaulili, kwamba mtambo wake wa kukamulia asali umeiga uvumbuzi wao. Mahakama Kuu ikaamuru karakana ifungwe. Nkwabi alikata rufaa, na amri ikasimamishwa kwa muda. Yeye na mjomba wake, Kasimiri, aliyebeba mtambo chakavu, walimfuata Telesphor.

"Mwanangu, sema tu huu ni wa mwaka hamsini na nane, kabla yao," alisema Kasimiri. "Nani atauliza chuma umri wake?"

"Nitauliza mimi, Mzee. Huu una kutu ya juzi, ya kumwagiwa maji ya chumvi."

Kasimiri akatazama chini. Nkwabi akafoka, "Karakana ikifungwa, watoto wangu watakula huo ukweli wako?"

"Uongo hawataula mezani kwangu. Tena mahakama ya rufani haipokei ushahidi mpya unaoletwa mlangoni. Inasoma yaliyokwisha andikwa. Niache nisome."

Kumbukumbu za kesi zilikuwa kurasa 412. Alizisoma mara tatu. Katika ukurasa wa 187, mtaalamu wa kampuni alijisifu jinsi wazo lilivyomjia: aliwaona wazee wa Mpimbwe wakikamua masega hadharani kwa gogo na mhimili, akaweka chuma badala ya mti.

Mbele ya majaji watatu, Telesphor alisoma mistari hiyo sita tu.

"Huyu ni shahidi wa nani?" aliuliza jaji mmoja.

"Wa kampuni, Waheshimiwa. Mimi sikuleta mtu."

Rufaa ilishinda: kitu kilichojulikana na watu wote si uvumbuzi wa mtu mmoja. Kasimiri alitoka nje akiwa ameshika kofia kifuani kama anayetoka kanisani.

Kisukari kilimwandama Telesphor kuanzia mwaka 1975. Alirudi nyumbani kwake Shanwe, akawa anasomewa majalada macho yalipofifia. Alifariki nyumbani tarehe 9 Septemba 1978, baada ya kupokea sakramenti.

Ameacha mjane, Pelagia. Watoto wanne, Gelasius, Verdiana, Silvester na Matilda. Wajukuu watatu, na dada yake, Emerensiana. Nkwabi naye yuko hapa. Karakana ambayo mahakama haikuifunga, leo ameifunga mwenyewe, akatembea nyuma ya jeneza.

Mwenyezi Mungu, anayejua ukweli wote, ampe Telesphor pumziko la amani.