Miaka Thelathini na Tisa katika Chumba cha Watambaazi

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, walezi mliofanya kazi na marehemu, na ninyi wazazi mliokuja na watoto wenu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi ni mdogo wake wa mwisho, fundi wa kuchomelea vyuma, maneno si fani yangu, kwa hiyo mnivumilie nikikwama mahali.

Dada yetu alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1958, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa fundi cherehani na mfuaji wa nguo za hospitali, na mama alizoea kutuambia kwamba mkunga alimpiga kofi mara mbili ili alie, naye akalia mara moja tu, kama mtu anayeitika, kisha akanyamaza akaangalia chumba.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza Novemba 1971, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1975, hesabu zikimpiga chenga kila muhula, na Januari 1977 akajiunga na chuo cha malezi ya watoto wadogo, safari ya siku nzima kwa treni kutoka nyumbani, ambako alisoma miaka miwili na kupata cheti chake Novemba 1978. Wateja walipomuuliza baba binti yake anasomea nini, alijibu kwamba anasomea ualimu, kwa sababu aliona haya kusema kuna watu wanaokwenda chuoni kujifunza kushika watoto, na haya hiyo, ndugu zangu, niliirithi mimi nzima nzima.

Jumatatu tarehe 8 Januari 1979 aliajiriwa katika kituo cha kulelea watoto cha kiwanda cha nguo, akapewa chumba cha watambaazi, yaani watoto wa miezi minane hadi wale wasiotimiza miaka mitatu, na humo akakaa miaka thelathini na tisa. Aliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mzazi yeyote, akapiga magoti na kutambaa chumba kizima, kona hadi kona, ili aone kwa macho ya mtoto kama kuna kifungo, pini au punje iliyodondoka, na alifanya hivyo hata alipofika miaka hamsini na tisa na magoti yakilia kama bawaba kavu. Alikitambua kilio cha njaa, cha usingizi, cha jino linaloota, na kile cha mtoto asiyetaka chochote ila kujua kama kuna mtu. Mama aliyemwacha mwanawe kwa mara ya kwanza na kusimama getini akifuta machozi aliambiwa, "Lia tu, mama, yeye ataacha kabla yako," na mzazi aliyekuja juu akitaka jina la aliyemng'ata mwanawe aliambiwa kwa upole, "Aliyeng'ata ana meno manne na hajui kuomba radhi, tumpe muda." Watoto walimwita Bi Taratibu, kwa kuwa neno hilo halikumwisha kinywani, taratibu na kikombe, taratibu na mwenzio, na nimeambiwa wako watoto waliojifunza kusema taratibu kabla ya kusema baba.

Mume wake, shemeji yangu aliyekaa hapa mbele, ni fundi wa majokofu, na walionana mara ya kwanza siku alipoitwa kutengeneza jokofu la maziwa la kituo, akalitengeneza, akarudi wiki iliyofuata kulikagua, akarudi tena, hadi msimamizi wa kituo akamuuliza kama jokofu ndilo linaloumwa au ni yeye. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Septemba 1981, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1983, ambaye leo ni mpima ardhi, na mtoto wa kiume mwaka 1987, ambaye ni mwoka mikate.

Binti alipokuwa na miezi kumi na moja, dada alikuwa akimwacha kwa jirani na kwenda kulea watoto wa wenzake, na jioni moja ya mwaka 1984 jirani akampokea mlangoni kwa furaha, akamwambia, "Mwanao leo katembea, hatua nne, ungemwona." Dada akashukuru, akacheka, akambeba mwanawe hadi nyumbani, kisha shemeji akamkuta uani amesimama mbele ya ndoo iliyokwisha jaa, bomba linamwaga, naye hana habari. Hakulisema jambo hilo kwetu, na mimi nimelijua Jumamosi iliyopita tu, mlezi mwenzake aliponisimulia kwamba tangu siku ile, mtoto yeyote aliyepiga hatua ya kwanza katika chumba chao, dada alimdaka, akambusu, na akawakataza walezi wote wasimwambie mzazi, na mzazi alipokuja kumchukua aliambiwa tu, "Leo jioni usiwe na haraka, kaa naye chini kidogo." Wazazi wakarudi asubuhi wakikimbia, wakisema mtoto katembea, katembea jana mbele yetu, naye akapiga makofi na kusema kumbe, kama mtu anayesikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Mlezi huyo aliniambia kwamba walijaribu kuhesabu watoto hao, wakafika mia mbili na kitu, wakaacha.

Sasa nifike pale ninapoona uzito. Mwaka 1993 nilimtafutia kazi ya ukarani katika ghala moja, kiti, meza, saa za kutoka zinazojulikana, naye akakataa, nami nikamwambia maneno ambayo leo nayasema mbele yenu ili yanitoke, nikamwambia, "Utazeeka unafuta makamasi ya watoto wa watu." Hakukasirika, alinitazama akasema, "Na yatafutika, mdogo wangu," akaniongezea chai. Mimi ndiye niliyesusa, miezi mingi sikukanyaga kwake.

Oktoba 1998 kituo kilinipa kazi ya siku tatu ya kubadilisha bawaba za mlango wa nyuma na nondo za madirisha, na siku ya tatu, Jumatano tarehe 14, karibu saa nne asubuhi, ghala la pamba lililopakana na kituo lilishika moto, na moshi mzito ukaanza kupenya juu ya madirisha ya chumba chake. Mlezi mwenzake alikuwa amempeleka mtoto mwenye homa zahanati, hivyo mle ndani alikuwamo dada, watoto kumi na wanne, na mimi nikiwa nimeshika bisibisi, na nakiri kwamba miguu yangu ilikuwa imekwisha geukia mlangoni. Dada hakupaza sauti, alichukua watoto sita wasiojua kutembea, akawapanga katika kitanda kimoja cha magurudumu, akalowesha shuka na kuwafunika, akaviringisha shuka nyingine iwe kama kamba, akawashikisha wale wanane, kisha akaniambia, "Sukuma kitanda, na usikimbie, ukikimbia wewe wataogopa wao." Akaanza kuimba wimbo wao wa kunawa mikono, nasi tukatoka katika moshi ule kwa mwendo wa mtoto wa miaka miwili, na huo, ndugu zangu, ni mwendo mrefu kuliko wote niliowahi kwenda.

Uwanjani aligusa kichwa kimoja kimoja, akafika kumi na tatu, na kabla sijaelewa alikuwa amegeuka na kurudi ndani. Nilimfuata hadi mlangoni, moshi ukanirudisha. Alijua ni nani aliyebaki, na alijua yuko wapi, kwa sababu mtoto huyo kila alipoogopa aliingia chini ya rafu ya viatu na kufumba macho, na pale ndipo alipomkuta, akatoka naye kifuani, uso wa mtoto umefichwa ndani ya gauni lake, akamgusa kichwa na kusema kumi na nne. Chumba kile kiliungua robo nzima. Jioni wazazi walipokuja wakilia, mtoto mmoja alimwambia mama yake kwamba leo walikwenda matembezi na mjomba akasukuma kitanda.

Walipokwisha kuondoka wote, nilimpa dada kikombe cha maji akashindwa kukishika, ikabidi nimshikie nikamnywesha, na hapo nikamwambia, "Dada, mimi sikuwa najua." Akasema, "Basi umejua," na hakulizungumza tena. Nami tangu siku hiyo, nikiulizwa dada yangu anafanya kazi gani, nimejibu kwa kifua mbele kwamba analea watoto.

Alistaafu Ijumaa tarehe 29 Juni 2018. Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, na madaktari wakagundua kwamba moyo wake ulikuwa umechoka, akaendelea na matibabu nyumbani hadi Jumatatu tarehe 20 Mei mwaka huu wa 2024, alipolazwa. Katika kitanda cha jirani alilala bibi mmoja aliyekuwa akilia kila alasiri, hajui alipo, na mchana mmoja nilipofika nilimkuta dada, mwenye mpira wa hewa puani, amepitisha mkono kati ya vyuma vya kitanda, anampigapiga bibi yule mgongoni polepole, hadi akalala. Muuguzi aliniambia kwamba ilikuwa siku ya tano hawajampa bibi yule dawa ya usingizi. Dada yetu alifariki dunia Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, asubuhi, shemeji na wanawe wakiwa wamemshika mikono, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na wadogo zake watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake kwa subira yao, majirani waliopika, waliofagia na waliolala nasi, na walezi wa kituo waliofunga chumba leo ili wamsindikize. Tunawashukuru pia wazazi mliomkabidhi watoto wenu asubuhi mkaenda zenu kazini bila kugeuka nyuma, maana huo ndio mshahara aliousifia kwetu. Binti yake ameniomba niseme kwamba hana kinyongo kuhusu zile hatua nne, kwamba anajua sasa zilikwenda wapi.

Dada, mikono yako imefanya kazi ya kutosha. Ipumzike, nawe upumzike, kwa amani.