Bikwembe bya Kavuo Biko Beni

Kwa jina la familia ya Maliro na ya Kambere, mimi shangazi yake, dada ya baba yake, ninasimama hapa na magoti yangu haya, kwa kubasomea maisha ya mutoto wetu Kavuo Nadège, tumechoka kuzika, na mimi ndiye nilipaswa kutangulia, mais tuko hapa tena, donc mukae, musikilize.

Kavuo alizaliwa Kipese, tarehe 14 Februari 1984, baba yake Maliro akiwa mulimaji wa viazi, akasoma primaire palepale kuanzia 1990, kisha akashuka Butembo kusoma coupe et couture, kazi ya kukata na kushona nguo, akatoka na diplôme yake mwaka 2003, na pua juu kidogo, kwa sababu alikuwa anajua kazi na alijua kwamba anajua.

Tarehe 8 Julai 2006 alifunga ndoa hapa Butembo na Kambere Paulin, munuzi wa kakao, aliyemuletea bikwembe, bitenge bya ndoa, bizuri sana, hata majirani balikuja kubishika kwa mukono, bakaenda kuishi Oicha, Mungu akabapa batoto babili, Delphin, 2007, na Grady, 2010.

Alishona robe za ndoa na uniforme za shule, mpaka mwaka 2014, wakati mwalimu Gaëlle, aliyetoka Kisangani kufundisha ballet ya kisasa mu Beni, alimuomba nguo za kuchezea, nguo ambayo mutu anaweza kuanguka nayo chini, kujiviringisha na kuruka, bila kupasuka katikati ya miguu, na tangu pale robe zetu sisi zikaanza kuchelewa. Mu familia tulisema sana, kwamba nguo zile zinabana, kwamba ile si kazi ya mama ya batoto, na kuna benye balisema mbaya kuliko pale, sitabataja, banakaa pale mbele.

Ballet ya kwanza ilikuwa ya batu banaokimbia vita, Kavuo akabavalisha magunia na matambara, batu bakapiga makofi. Mwezi wa Desemba 2019 akakimbia yeye mwenyewe, kutoka Oicha mpaka Beu, mutaa wa Beni, akiwa amevaa bikwembe byake bya ndoa kimoja juu ya kingine, vile sisi bote tunafanyaka, kwa sababu kichwa kinabeba godoro, mikono inashika batoto, na kile umevaa ndicho unafika nacho. Akamuambia Gaëlle kwamba yale matambara yake yalikuwa uongo, mutu anakimbia amevaa vizuri kuliko siku ya misa, matambara inakuja kisha.

Akaanza upya nguo za ballet ile, pole pole, hata mwaka 2024 akafungua sanduku lake akakata bikwembe byote, maana kitambaa kipya cha soko kinasimama kama karatasi, chenye kimefuliwa miaka mingi kinaanguka pamoja na mwili, akabishona tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na kamba moja ya kuvuta, ili muchezaji abiachilie njiani kimoja kimoja.

Mwezi wa Machi mwaka huu mafigo ikaanza kumusumbua, akaletwa hospitali hapa Butembo. Monique, dada ya Kambere, alikuja kumuona na machungwa, mais alikuja pia kuuliza bikwembe, maana kwetu bikwembe bya marehemu tunagawana kisha ya maziko, na alikuwa amesikia kwamba binarukaruka Beni ku miili ya mabinti, akataka birudishwe, na mimi pia nilikuwa nimekwisha kuchagua kimoja, cha bulu, musinicheke. Monique alipotoka, Kavuo akanivuta mukono.

"Shangazi, nikibirudisha mu sanduku, batakuja ku sanduku. Acha bakuje ku ngoma."

Tangu aanze kazi ile, hakuna hata mumoja wetu alikwenda kuiangalia, mara barabara ni mbaya, mara kakao, mara magoti.

Alituacha Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025, asubuhi.

Kugawa bikwembe ni kazi ya shangazi, donc ninagawa: ngoma ni Jumapili, tarehe 26 Oktoba, mu Beni, mu salle ya parokia, kila kikwembe kikifunguliwa, muchezaji atashuka nacho, akitie mu mukono wa mwenye amekuja, Monique, kiti chako tumekwisha kukishika, karibu na changu, na asiyekuja, hapana kumuwekea.

Tunashukuru madaktari na bainfirmières, majirani ba Beu benye balipika mpaka moshi ukabamaliza macho, Gaëlle na bachezaji bake, na bashonaji bote bamefunga mashini leo.

Kavuo, mutoto wangu, sisi tunakwenda kuangalia, wewe pumzika kwa amani.