Matundu ya Viatu vya Wifi

Siku hiyo kwenye benchi la kona alikuwepo Fundi Soli, anayeshona viatu hapo hapo. Redio, kinyozi wa kibanda cha jirani, asiyenyamaza hata akiwa na wembe mkononi. Mzee Kilomita, aliyesambaza mikate kwa baiskeli miaka ishirini. Mimi na birika langu la kahawa. Na mwanangu, amelala mapajani. Wifi yangu alikuja mwisho, akisukuma baiskeli. Alifuata viatu vyake vya kuendeshea, alivyomwachia Fundi ashone mkanda uliokatika. Kesho yake asubuhi klabu ya baiskeli ilikuwa inachagua timu, na mwalimu alishasema: ambaye miguu yake haishiki kwenye pedali asijisumbue kuja.

Fundi akavitoa viatu kwa mbwembwe.

— Mkanda tayari, na nyongeza juu. Soli zilikuwa zimetoboka, nimeziba zote. Raba mpya, gundi ya nguvu.

Wifi akageuza kiatu.

— Fundi, yale matundu ndiyo kazi ya kiatu.

— Kazi gani ya tundu?

— Kibati kinafungwa pale kwa skrubu. Pedali inakiuma kibati, ndipo mguu unashika.

Akafungua kiganja. Vilikuwemo vibati viwili vya chuma, vidogo, alivyopewa na klabu pamoja na pedali.

Redio alicheka mpaka kofia ikaanguka.

— Fundi bwana! Wewe ukiletewa chujio la chai utaliziba!

— Nyamaza, — Fundi akasema. — Nani alimnyoa bwana harusi nusu kichwa?

— Umeme ulikatika!

— Na mkasi nao unatumia umeme?

Mzee Kilomita akatema pembeni.

— Wote hamnazo. Miaka ishirini nimepeleka mikate kwa ndala. Mtu mzima anafungwa miguu kama kuku wa sokoni?

— Babu, haya ni mashindano, — wifi akasema.

— Mashindano ni mkate wa moto na mteja mwenye njaa, mjukuu wangu. Hayo yenu ni maringo.

— Ngoja niwape siri, — Redio akasema. — Pedali hizo zina sumaku. Zinavuta damu yote iende miguuni, ndiyo maana wanakimbia vile.

— Na kichwani kunabaki nini?

— Kama chako, Mzee. Upepo.

Fundi hakukubali kushindwa.

— Matundu yale ni ya jasho. Jasho lisipotoka, linapanda mpaka magotini, mtu anavimba.

— Uongo! — Redio akaruka. — Wanafungwa ili wasishuke wakichoka. Mlima ukikushinda unazimia juu ya baiskeli, inateremka na wewe upande wa pili, wanaandika umemaliza!

Kelele zilikuwa hizo. Lakini mimi niliona mengine. Mzee Kilomita, huku akibeza, alikuwa amesogea ili kivuli chake kimfunike mwanangu. Fundi alishashika kisu, anabandua raba taratibu. Na Redio, matusi mdomoni, aliburuza waya kutoka kibandani akaja na mashine ya kukaushia nywele, akapuliza joto gundi ilainike.

Raba ikaachia nusu. Fundi akachungulia.

— Moja, mbili, tatu. Matatu, yamekaa pembetatu. Lete kibati.

Kibati kilikuwa na matundu mawili.

Wifi akachuchumaa, akajifuta macho kwa kiwiko. Miezi minane alikuwa akiamka alfajiri kufanya mazoezi kabla ya kwenda kazini kwa dobi.

— Nilisema ndala, — Mzee akanong'ona, safari hii bila dharau.

— Usinyanyuke, mwanangu, — Fundi akamwambia wifi. — Pale katikati pana raba bado. Redio, joto!

Raba ikachubuka. Katikati ya yale matatu yakatokea mengine mawili, yamekaa sambamba.

— Matano! — Fundi akapaza sauti. — Matatu ya kibati kikubwa, mawili ya hiki kidogo!

Akachokoa gundi kwa sindano ya viatu, akakaza skrubu, kisha akafanya vivyo hivyo kwa kiatu cha pili. Wifi akapanda, wanaume watatu wameshikilia baiskeli. Akakanyaga. Ta! Akakanyaga kwa mguu wa pili. Ta!

— Nilijua tangu mwanzo, — Redio akasema.

— Ulijua sumaku.

Wifi alikuwa anacheka sasa. Akavuta mguu. Haukutoka. Akavuta tena.

— Na nikitaka kushuka, mguu unatokaje?

Fundi akamtazama Redio. Redio akamtazama Mzee. Mzee akaniomba kahawa.

Ilibidi tumfungue mikanda. Akashuka miguu mitupu, viatu vikabaki vimening'inia kwenye pedali.

Kesho yake alichaguliwa. Alianguka mara moja tu, mbele ya mwalimu, baiskeli ikiwa imesimama.