Herufi Kubwa za Mama Mkwe

Benchi letu ni kiti cha nyuma cha gari ambalo Breki aliliendesha mpaka likagoma. Gari akaliuza, kikabaki kiti tu, juu ya matofali, nje ya kibanda cha Fundi Waya anayetengeneza kompyuta na simu. Alasiri, muuza kahawa akishatua birika, hapo hakuna jambo lisilo na mtaalamu wake. Hakimu, ambaye hajahukumu hata kuku ila alipiga chapa mahakamani miaka mingi, hukaa upande ambao sponji haijaliwa na panya. Breki hukaa katikati kwa haki ya mwenye kiti. Mimi hukaa ninapoachiwa. Siku hiyo Fundi Waya alitoka kibandani ameshika kichwa, na kwa kuwa sisi ni watu wa huruma, tulimcheka kwanza.

FUNDI WAYA: Chekeni tu. Mama mkwe anakuja sasa hivi na mafundi cherehani wenzake watatu. Nimewaahidi ile programu.

BREKI: Ipi, ya kushona?

FUNDI WAYA: Ya kukatia nguo. Unaiingizia vipimo, inakuchorea vipande vyote vya gauni. Ni ya bure, ila herufi zake ndogo kama mchanga. Mama macho yamechoka, nikamkuzia. Sasa wenzake nao wanaitaka hiyo hiyo. Juzi mmoja wao kasoma nane badala ya tatu, sketi ya mtoto wa shule ikatoka ya kumtosha Breki.

BREKI: Mimi nimekukosea nini?

MIMI: Si uwape tu yaishe?

FUNDI WAYA: Jana usiku nimesoma leseni yake.

HAKIMU: Hapo ndipo ulipoharibu. Leseni haisomwi, inakubaliwa.

FUNDI WAYA: Inasema kuitumia ruhusa. Kuibadilisha kwa matumizi yako, ruhusa. Kumgawia mwenzako ruhusa pia, ila iwe vilevile ilivyotoka kwa mwenyewe. Uliyoibadilisha usimpe mtu.

BREKI: Yaani ikiwa haisomeki nigawe, nikishaitengeneza nifiche?

FUNDI WAYA: Ndivyo.

BREKI: Basi wahenga walishamaliza. Asiyekuwepo na lake halipo. Huyo mwenye programu yuko hapa? Hayupo. Na sharti lake halipo.

HAKIMU: Methali hiyo haisimami mahakamani.

BREKI: Hata wewe hukusimama. Ulikuwa umekaa unachapa.

Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga kahawa nje ya kikombe changu. Hakimu alingoja tunyamaze, maana anapenda kusikilizwa kuliko anavyopenda kahawa.

HAKIMU: Mwenyewe ana hofu yake. Kila mtu akiichezea akaigawa, siku gauni likitoka na mikono mitatu atalaumiwa nani? Yeye.

BREKI: Gari langu nilibadilisha honi, nikabadilisha taa, nikaliuza bila kuuliza mtu.

HAKIMU: Uliuza ukabaki bila gari. Programu ukiitoa unabaki nayo. Gari halizai.

MIMI: Na ya mama mkwe? Si naye umempa iliyobadilishwa?

FUNDI WAYA: Yake nilimbadilishia humo humo ndani ya kompyuta yake. Mkono wangu, mali yake.

MIMI: Wafanyie na hao vivyo hivyo.

FUNDI WAYA: Nilihangaika mwezi mzima, na sikumbuki nilivyofanya. Nilikuwa najaribu tu, ikakubali.

Tuliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Wengi wetu tuna kazi tulizofanya kwa njia hiyo.

BREKI: Haba na haba hujaza kibaba. Wape kipande kipande. Leo mikono, kesho kola. Nani atasema umetoa programu?

HAKIMU: Au wafanye shangazi zako. Umesema matumizi yako. Mtu na shangazi zake ni matumizi mamoja.

FUNDI WAYA: Mmoja wao nilisoma naye darasa moja.

HAKIMU: Shangazi mdogo.

BREKI: Msicheze na vitu hivi. Programu ina masikio. Ukiigawa inakwenda kusema, halafu asubuhi unaamka herufi zote zimesinyaa, kuanzia kwenye kompyuta mpaka kwenye bango la kibanda.

FUNDI WAYA: Nyinyi mnatania. Mimi yule mama nilimposa binti yake nikiwa sina hata baiskeli, akanikubali. Sitaki kumwambia hapana mbele ya watu.

Sauti yake ilipungua alipofika hapo, na nilimwonea huruma ya kweli. Hakimu alifungua mdomo, bila shaka kuongeza shangazi mwingine, tukamwona mama mkwe amesimama nyuma ya kiti na mkoba wake. Wenzake watatu walikuwa wamebaki kivulini ng'ambo ya barabara. Tuliinuka wote. Alikataa kukaa.

HAKIMU: Shikamoo mama.

MAMA MKWE: Marahaba, wanangu. Nimewasikia mkisema mwenye programu hataki igawiwe.

FUNDI WAYA: Ndiyo, mama. Samahani sana.

MAMA MKWE: Mwenye programu yupi tena?

FUNDI WAYA: Aliyeitengeneza, mama.

MAMA MKWE: Si wewe? Kila nikiifungua naona jina lako pale juu, na hakuna jina lingine. Nalisoma hata bila miwani.

Breki alitafuta methali, nilimwona kabisa akiitafuta, akaikosa. Mama mkwe alitutazama mmoja mmoja, akingoja kwa upole, kisha akamgeukia mkwewe.

MAMA MKWE: Wale nimewaambia umeitunga mwenyewe. Nimewadanganya?

Fundi Waya alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. Akamwomba mama aingie kibandani wazungumze. Wale wanawake watatu, walipomwona mwenzao anakaribishwa ndani, walidhani mambo yameiva, wakaanza kuvuka barabara.