Bi Eleni wa Sukaregang na Neno Moja la Kula

Wasikilizaji wapendwa, vuteni mkeka, punguzeni moto jikoni, mkae nami kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Eleni wa Sukaregang, mtaa wa mafundi ngozi, hapa hapa mjini kwetu Garut. Bi Eleni, yule Mgiriki wetu. Amefariki. Ninalitamka neno hilo na sisikii kitu. Mumewe, Mzee Engkos, naye kaniambia vivyo hivyo: "Sisikii kitu, mwanangu. Mwili upo tu, unakaa."

Bi Eleni alizaliwa Kalamata, binti wa mshona makubadhi. Mzee Engkos, fundi wetu wa majaketi ya ngozi, alikwenda Athens kwenye maonyesho, akapewa meza kando ya meza ya binti huyo. Alikwenda kuuza majaketi. Akarudi na mke, na mtaa mzima ukatoka kumtazama.

Sasa, mnajua sisi Wasunda tulivyo. Neno la kula kwangu mimi ni jingine, la kula kwako wewe ninayekuheshimu ni jingine, na la bata ni jingine kabisa. Juma lile la kwanza Bi Eleni alimkaribisha baba mkwe chakula kwa neno la bata! Mkwe alikula. Mzee Engkos, mpaka leo, akikumbuka hufunika uso kwa viganja. Jirani yao Bi Iyoh, muuza tempe, zile keki zetu za soya, anasimulia: "Tulicheka mbavu zikauma. Nikamwambia, weye mwanamke, leo umemfuga mkweo!"

Bi Eleni hakununa. Tangu siku ile akawa analinganisha. Kila kitu alikisema mara mbili: kwa Kisunda, kisha kwa Kigiriki. Maji mara mbili, chumvi mara mbili. Alikuwa akimwambia Bi Iyoh: "Neno lenu la kula lina ngazi kama nyumba ya ghorofa. Kwetu ni uwanja mtupu. Kasisi, mtoto, mbuzi, wote ni *fae*. Kula, basi!" Na tena: "Sisi tukipendana tunapiga kelele. Nyinyi mkipendana mnainama." Kweli tupu. Akiongea na dada yake kwa simu, majirani walidhani kuna ugomvi wa urithi. Lakini kwa Kisunda alikuja kutushinda adabu. Hata kuku waliolala njiani aliwaomba radhi kabla ya kupita.

Kisha mwaka jana akapata kiharusi. Kisunda kikaondoka chote. Nasema tena, wapendwa: Kisunda chote kiliondoka, kikabaki Kigiriki peke yake. Aliyeweza kusema naye ni binti yao Yayah tu, maana alinyonya lugha zote mbili.

Mzee Engkos akanyamaza. Alimwogesha mkewe, alimchana nywele, alimlisha wali na samaki mkavu kwa mkono wake mwenyewe. Bila neno. Wiki zikapita, bila neno.

Siku moja Bi Eleni akamuuliza binti yake, "Baba yako ananikasirikia nini? Ni kwa kuwa nimesahau maneno yake?" Yayah akamfuata baba yake barazani, amewaka.

"Baba, mama anadhani umemnunia."

"Mimi? Nimnunie Nyai?" Hivyo ndivyo alivyomwita maisha yote, Nyai, kwa heshima.

"Sasa mbona husemi naye? *Fae* unaijua. Umeisikia tangu sijazaliwa."

"Naijua."

"Basi?"

"Neno la heshima la kula, kwa Kigiriki, ni lipi?"

"Hakuna, Baba. Ni hilo hilo."

Mzee akawatazama bata uani. "Nitamtupiaje mke wangu neno tupu namna hiyo? Tena mgonjwa? Heri ninyamaze."

Msimcheke, wasikilizaji. Kosa hili ni letu. Mgiriki hawezi kulifanya hata akitaka. Mtu ananyamaza kwa heshima, na mwenzake kitandani anakula kimya hicho kama adhabu.

Yayah akamwambia: "Baba, kwao hilo ndilo neno ambalo mama humwambia mwanawe. Kinachomtukana ni huku kunyamaza kwako."

Mzee alikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Kisha akachukua bakuli, akaingia. Yayah alisimama mlangoni. Anasema masikio ya baba yake yalikuwa mekundu.

"*Fae*," akasema Mzee Engkos. Halafu, "*Fae*, Eleni." Jina tupu, bila Nyai. Hakuwahi kuthubutu.

Bi Eleni akamtazama. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akala. Kisha akasema, akasema, maneno mengi, kwa sauti. Mzee hakuelewa hata moja. Aliitikia tu kwa Kisunda kile cha adabu: naam, naam, naam. Baadaye akamuuliza binti yake, "Alikuwa anasema nini?"

"Anasema umechelewa, Baba. Na wali umepoa."

Asubuhi iliyofuata Mzee alileta bakuli mapema, wali ukitoa mvuke. Akasema *fae*. Bi Eleni hakujibu. Akasema tena. Yayah alipoingia alimkuta baba yake bado anasema, polepole, jinsi tunavyomkaribisha mgeni mwenye haya. Bi Eleni alikuwa ameshakwenda.

Kwenye hitima, chakula kikaandaliwa. Mwenye nyumba husimama akawakaribisha wageni kwa maneno yetu yale mazuri. Mzee Engkos akasimama. Akatutazama sote, na imamu wetu akiwa mbele.

"*Fae*," akasema.

Tukadhani ni heshima kubwa ya Kigiriki. Tukainamisha vichwa, tukashukuru. Waliojua ni Yayah tu, na Bi Iyoh, aliyejifunika shela uso mzima. Tukala. Mzee alikaa, macho makavu. Hajalia mpaka leo. "Sijui machozi yako wapi," ananiambia, kama mtu aliyesahau alipoweka miwani.

Pole sana, Mzee Engkos. Pole, Yayah. Pole kwa dada wa marehemu, Stavroula, kule Kalamata. Mungu ampumzishe Bi Eleni.

Nanyi wapendwa, kama nyumbani kuna mtu mliyemnyamazia kwa kutafuta neno zuri zaidi, muda wa chakula umekaribia. Ingieni ndani. Mwambieni ale, wali ungali moto.