Mizunguko Ishirini ya Joyline Awiti

Wasikilizaji wapendwa, kama una kiti karibu, kaa. Leo tunamkumbuka Joyline Awiti, fundi cherehani wa mtaa wa Satellite, hapa Nairobi. Alifariki mwezi uliopita, Oktoba 2009, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Huenda hujawahi kusikia jina lake. Lakini kuna ploti moja ya vyumba vya kupanga huko Satellite ambako hawatalisahau.

Kwa miaka kumi na minane Awiti alishona sare za shule katika duka la Mzee Chunilal, River Road. Ni kazi ya kukaa. Unakaa asubuhi, unakaa mpaka jioni. Mwaka 2002 alianza kuona ukungu machoni, na kiu ilikuwa haiishi. Akapimwa. Sukari. Awiti aliogopa, na alikuwa na sababu: dada yake mkubwa alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, na mwaka haukwisha kabla hajazikwa.

Woga ulimtoa mbio, kwelikweli. Alinunua raba za mtumba akakimbia na mwanawe, Lenox, kutoka Satellite mpaka Uthiru. Siku ya nne magoti yakavimba. Akaacha. Pasaka akaanza tena, akaacha. Agosti akaanza tena, akaacha.

"Mama alikuwa akianza leo, anataka kumaliza yote leo," anasema Lenox.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemgeuza. Alimwambia, "Mama, sitaki ukimbie. Kesho tembea dakika kumi. Kesho kutwa, dakika kumi. Basi."

Dakika kumi, wasikilizaji. Awiti aliona ni kama mzaha, lakini aliziweza. Akajiwekea sheria: hakuna chai kabla ya kutembea. Dakika kumi zikawa ishirini. Jioni alianza kushuka kwenye gari vituo viwili kabla ya nyumbani. Asubuhi alishuka Uhuru Park, akaimaliza safari kwa miguu.

"Mimi nilifikiri hana nauli," anasema Mzee Chunilal. "Nikampa. Akanirudishia. Akacheka sana."

Na kulikuwa na siku zilizomshinda. Mvua, mafua, misiba. Hapo alikuwa na sheria ya pili, na kila aliyemjua anaikumbuka: "Siku moja ikinishinda, sawa. Ya pili hainishindi." Kwa sheria hiyo aliendelea miaka mitano, na sukari ikatulia.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007.

Mnakumbuka siku zile za ghasia, kabila kwa kabila. Ploti ya Awiti ilikuwa na vyumba kumi na viwili na geti moja la mabati. Awiti alikuwa Mjaluo. Mlinzi wa ploti, Ndungu, na jirani wa mlango wa pili, Ngina, ni Wakikuyu. Miaka yote hiyo haikuwa habari. Wiki ile ikawa habari. Geti lilifungwa kwa mnyororo. Watu walisalimiana kwa kidevu, kisha hawakusalimiana kabisa. Nje, moshi ulionekana. Kliniki ilifungwa, na dawa za Awiti zikaisha.

Siku ya tatu ukungu ukarudi machoni. Barabarani hakuweza kutoka. Basi akatembea uani. Alfajiri, kandokando ya ukuta, mbele ya geti, nyuma ya choo, kurudi. Mizunguko ishirini.

Mapazia yakafunguliwa kidogo. Watu wakaanza kunong'ona. Huyu mama anapima nini? Kila asubuhi anapita getini, anamwonyesha nani?

Ndungu alimkabili, panga mkononi. "Mama Lenox, unatembea ukitafuta nini?"

"Natafuta sukari ishuke."

"Watu hawapendi. Ukitoka tena kesho, mimi sitajua nikuchukulie aje."

Kesho yake Awiti hakutoka. Alikaa kitandani, miguu ikimwasha kama imekanyaga upupu. Lenox alimsihi, "Mama, wachana na hiyo maneno. Watakuumiza bure."

"Leo imenishinda," alijibu. "Nimekubali."

Lenox hakulala vizuri. Alijua sheria ya pili.

Kulipopambazuka, Awiti alifunga raba zake, akafungua mlango. Ndungu alikuwa getini na wanaume wawili. Awiti alianza kutembea. Mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili. Alipokaribia geti mara ya tatu, Ndungu alisimama mbele yake.

Ndipo mlango wa Ngina ukafunguka. Ngina, ambaye hakuwa amesemezana na Awiti kwa siku tisa. Alitoka na leso kiunoni na ndala miguuni. Akamshika Awiti mkono, akamtazama Ndungu.

"Na mimi nina presha," alisema. "Tupishe."

Ndungu alitazama chini. Kisha akasogea.

Walimaliza mizunguko ishirini, wote wawili. Siku iliyofuata wakawa wanne. Mnyororo ulipofunguliwa getini, wiki kadhaa baadaye, wanawake saba wa makabila matano walitoka pamoja na kuelekea barabara ya Uthiru.

Mwezi uliopita Awiti aliugua homa ya mapafu, akalazwa siku nane, akafariki. Mtu aliuliza matangani, sasa mazoezi yalimsaidia nini? Lenox akajibu, "Yalitupa miaka saba naye. Tena nimemzika mama na miguu yake miwili."

Ndungu alisafiri na basi mpaka Siaya, nyumbani kwao Awiti, kwa mazishi. Aliomba kusema. Alisema sentensi moja: "Mimi ndiye niliyetaka kumkataza."

Kwa Lenox, kwa Ngina, kwa Mzee Chunilal na wote waliompenda Joyline Awiti, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Wengi wetu hatukuwa Ndungu, wala hatukuwa Ngina. Tulikuwa nyuma ya pazia, tukitazama. Awiti alitembea mizunguko miwili na nusu peke yake asubuhi ile, na ploti ilikuwa na milango kumi na miwili.